Mdogo Wangu na Sakafu ya Mbao

Nyumba yetu katika mtaa wa Skuta ni ya mbao tupu, kuanzia kuta mpaka sakafu. Baba aliiinua juu ya vigingi ili maji ya mvua yapite chini. Huko chini kuku hulala, na vijiko vyetu vyote hupotelea huko. Mtu akitembea sebuleni, vikombe hulia kabatini. Baba akirudi jioni kutoka ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, na viatu vyake vizito vile, sisi hujua amefika kabla hajashika mlango.

Mambo haya yalitokea nikiwa kidato cha pili. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba na watu walisema hasemi. Hiyo si kweli. Alisema, lakini maneno yake yalitoka yameliwa nusu. Chai aliita "ai". Akitaka sahani alisema "a-ani" na kuonyesha kwa kidole. Mama alimwelewa, mimi nilimwelewa, na watoto wa mtaani walimwelewa wakitaka kumcheka. Hakuna mtu niliyependa kukaa naye kama yeye. Mimi ni mtu wa aibu mpaka wa kuchekesha. Mwalimu akiniita kwa jina darasani, makwapa yangu yanalowa na jibu ninalolijua linakimbia. Kwa mdogo wangu sikuwa hivyo. Tuliongea kwa nyuso, kwa kuvutana nguo na kwa kucheka.

Alikuwa anarudia darasa la kwanza. Katikati ya muhula wa pili mwalimu wake alimwita mama, akamweleza taratibu kwamba mtoto huyu anamchosha. Akiitwa hageuki. Wakiambiwa wafungue kitabu, anaangalia kwanza wenzake wanafanya nini. Wakiimba, yeye anafungua mdomo na kuufunga kama samaki. Alisema muhula ukiisha ingekuwa vizuri akae nyumbani, kwa sababu chumba kimejaa na kuna wengine wanaongoja nafasi. Mama alirudi bila kununua mboga aliyokuwa amepitia sokoni kununua.

Baba hakukasirika. Alifikiri siku kadhaa, halafu akatuambia mezani kwamba likizo ya Agosti ikifika, mdogo wangu ataenda Endarasha kwa cucu, mama yake baba, na atakaa huko. Cucu alikuwa na kondoo na shamba la viazi na alikuwa anaishi peke yake. Huko hakuna mtu atakayemuuliza mtoto herufi. Kisha akacheka kidogo akasema hata yeye mwenyewe, kama anavyosimulia cucu, alichelewa sana kusema, na kondoo ndio waliomfundisha.

Mimi sikucheka. Nilimwangalia mdogo wangu akichovya mkate kwenye chai, akituangalia midomo yetu mmoja baada ya mwingine, na hakujua kwamba alikuwa ametoka kuhamishwa.

Basi, wiki chache kabla ya muhula kwisha, mgeni alikuja shuleni kwetu.

Tuliitwa ukumbini mchana, na tulifikiri ni mambo ya kawaida ya usafi. Aliyepanda jukwaani alikuwa mama mmoja mrefu kutoka upande wa magharibi wa nchi, mwenye sauti ya kucheka hata akiwa hacheki. Alikuwa na sanduku la chuma lenye vifundo vya kuzungusha na sindano kama ya mizani. Mwalimu mkuu alimtambulisha kama daktari wa masikio, na yeye akakataa palepale.

"Mimi si daktari," alisema. "Sikio likiuma, likitoa usaha, hiyo ni kazi ya daktari. Mimi napima linasikia nini na halisikii nini. Halafu kuna mwenzangu ambaye kazi yake ni kufundisha mtu kusema, yule ambaye maneno yake hayatoki sawasawa. Lakini hapa kwenu, kwa sasa, huyo mwenzangu pia ni mimi."

Wasichana walicheka, na kuanzia hapo alikuwa ametushika. Alifunika mdomo wake kwa kipande cha karatasi ngumu ya manila, akasema kitu kwa sauti ndogo. Sisi wa nyuma hatukukipata. Akashusha manila, akarudia kwa sauti ileile, na ajabu, tukakipata. Alikuwa amesema tu kwamba leo kuna baridi. Akatuambia hapo tulisaidiwa na macho yetu, na kwamba kuna watoto ambao wanaishi kwa msaada huo kutoka asubuhi mpaka jioni. Si viziwi kabisa. Wanasikia gari, ng'ombe, ngoma, hata watu wakiongea. Lakini zile sauti nyembamba zilizo ndani ya maneno haziwafikii, kwa hivyo maneno yanawafikia yametobokatoboka, na wao wanayasema vilevile walivyoyapata.

"Nyumbani anaitwa mkaidi," alisema. "Shuleni anaitwa mjinga. Na jioni amechoka kuliko ninyi nyote, kwa sababu kutwa nzima alikuwa anabahatisha."

Nilitaka kupanda juu ya kiti niseme huyo namjua, huyo anakula mkate nyumbani kwetu. Lakini alipouliza kama kuna mtu mwenye swali, nilitazama viatu vyangu. Msichana mmoja wa kidato cha nne akauliza kama ni kweli kwamba mtu akioga kwa maji baridi anakuwa kiziwi, na ukumbi ukavunjika mbavu, na swali langu likabaki tumboni.

Nilimfuata mpaka alipokuwa ameegesha gari lake. Alikuwa anapakia lile sanduku. Nilisimama karibu na pipa la takataka, nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Nikaifungua. Nikaifunga tena.

"Hiyo kamba sasa imefungika," alisema bila kugeuka. "Sema, mama."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri ya Kiingereza. Niliyotoa yalikuwa haya: "Mdogo wangu anaangalia midomo."

Aliliweka sanduku chini. Akaniuliza maswali, moja moja, na akangoja kila jibu kana kwamba hana safari. Alitaka kujua mdogo wangu husema vipi chai, na kama alizaliwa vizuri. Nikamwambia aliwahi kuugua homa kali akiwa mchanga, mpaka akalazwa. Halafu akauliza kama akiitwa kutoka nyuma anageuka. Hapo nilikwama, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa baya.

"Nyumbani anageuka. Shuleni ndiyo hageuki."

Nilidhani ataniambia basi, mtoto ni mkaidi kweli. Lakini alitabasamu kama mtu aliyepewa kitendawili kizuri. Alisema Alhamisi atakuwa hospitalini mjini kutwa nzima, baada ya hapo anaenda Karatina na kushuka Mwea, kwa hivyo nimlete Alhamisi bila kukosa. Pamoja na mzazi.

Nilikimbia kutoka shuleni mpaka Skuta. Sijawahi kukimbia hivyo, hata kwa mvua. Wanawake waliokuwa wanateka maji kwenye bomba waliniuliza nani amekufa, nikawaambia hakuna, hakuna, nikapita.

Baba alisikiliza akiwa na gazeti mkononi. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipomaliza, baba alikunja gazeti. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini upande wa pili wa sebule, ametupa mgongo, akilivalisha kopo nguo. Baba alifanya vile tulivyokuwa tunafanya sote nyumbani tukimtaka mtoto yule: mguu sakafuni kwanza, pu, halafu jina. Tulikuwa tumezoea hivyo miaka mingi, na hakuna aliyejua nani alianza.

Mdogo wangu aligeuka mara moja, akatabasamu.

"Haya," baba alisema. "Huyo ndiye kiziwi? Huyo anasikia ile kitu anataka kusikia. Mwalimu hana viboko, basi."

Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba kupimwa si dhambi. Baba akasema sawa, ataenda mwenyewe, amwonyeshe huyo mama jinsi mtoto anavyosikia, na maneno yaishe. Nililala nikiwa na furaha kwamba tunaenda, na wasiwasi kwamba nimewadanganya watu wote. Kwa sababu kweli aligeuka. Nilimwona kwa macho yangu.

Alhamisi baba alivaa tai, na sote wanne tukaenda. Chumba tulichoonyeshwa kilikuwa mwisho wa ujia, zamani kilikuwa stoo ya mashuka, na yule mpimaji alikuwa ameziba dirisha kwa blanketi ili kelele za nje zipungue. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa mpaka unajiona. Alimpa mdogo wangu mkebe uliojaa vifuniko vya soda, naye akakaa chini kwa raha na kuanza kuvipanga.

"Daktari," baba alianza, "hii mtoto inasikia vizuri. Ni kichwa tu iko ngumu."

"Mimi si daktari, mzee. Nionyeshe vile anasikia."

Baba alienda akasimama karibu na mlango, nyuma ya mtoto. Alipiga mguu chini, akamwita. Mdogo wangu aliweka kifuniko cha kijani juu ya cha njano. Baba akapiga mguu tena, kwa nguvu zaidi, na saruji haikusema chochote, ni kiatu tu kilicholia. Akamwita tena. Kifuniko kingine, chekundu. Mnara ulikuwa unapanda vizuri.

Baba alishika tai yake. "Nyumbani anageuka," alisema, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na haupati.

"Naamini," mpimaji alisema. "Hata huyu msichana aliniambia hivyo." Hakuwa anamcheka. Alikuwa anaangalia viatu vya baba, halafu sakafu, halafu mguu mtupu wa mtoto uliokunjwa juu ya saruji. "Kwenu, hapo mnapokanyaga, ni saruji kama hii?"

Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Ni mbao," nilisema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Sakafu yetu ni ya mbao, na chini kuna nafasi. Vikombe hutikisika. Anatusikia kwa miguu."

Mama alikaa kwenye kiti. Nilimwona akirudi nyuma katika miaka yote ile. Akaanza kusema kwa Kikuyu, haraka, kwamba ndiyo maana kule bombani hageuki, ndiyo maana shambani inabidi umfuate umguse, na sisi tulisema ni mchezo umemzidi. Mpimaji hakujua Kikuyu. Aliniangalia mimi. Basi nikamtafsiria, na mama aliendelea, nami nikaendelea, na mpimaji akauliza na mimi nikauliza, na katikati ya hayo yote niligundua kwamba nilikuwa nimeongea muda mrefu mbele ya watu wazima watatu na makwapa yangu yalikuwa makavu.

Baba alikuwa bado amesimama karibu na mlango.

Kisha mpimaji akafungua sanduku lake, na huo ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Alinivalisha mimi kwanza vile vitu vya kufunika masikio, ili mdogo wangu aone. Nikisikia mlio, nitupe kifuniko kimoja kwenye mkebe. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, kama nyuki ndani ya gogo, nikatupa. Halafu mwingine mwembamba, nikatupa. Mdogo wangu alinyoosha mikono, anataka zamu yake. Akavalishwa. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, kifuniko kimeshikwa karibu na shavu.

Mlio mzito: macho yalimtoka, akatupa kifuniko kwa nguvu mpaka kikaruka nje. Akatucheka wote. Tena mzito, tena akatupa. Mama alianza kulia na kucheka. Halafu mpimaji akazungusha kifundo kwenda kwenye sauti nyembamba. Alibonyeza, na mdogo wangu akangoja. Alizungusha kuongeza nguvu ya sauti, akabonyeza, akangoja. Mlio ulikuwa umepanda sana, mpaka mimi niliyekaa kando niliusikia ukipenya kutoka kwenye vile vifuniko masikioni mwake, mkali kama sindano. Yeye alikuwa ameshika kifuniko chake cha soda shavuni, ametutazama kwa heshima, tayari kabisa, anangoja mchezo uendelee.

Baba alikuja akachuchumaa mbele yake, na tai ikagusa sakafu.

Mpimaji alituonyesha karatasi aliyoichora. Mstari ulianza juu, ukaenda sawasawa kidogo, halafu ukaporomoka. Sauti nzito anazipata, alieleza, zikiwa karibu. Nyembamba hazipo. Baba aliutazama ule mstari, akaufuata kwa kidole.

"Ni kama barabara ya kutoka hapa kwenda Mwea," alisema. "Mtu unatembea mlimani vizuri, halafu mteremko, mpaka kwenye mpunga."

"Hivyohivyo, mzee. Na yule mwalimu wake wa kike, sauti yake iko huko kwenye mpunga."

Akatueleza yaliyobaki bila kuyapamba. Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kunywa, na mtu akituuzia dawa ya kumimina sikioni tumkimbie. Kuna mashine ndogo ya kuvaa kifuani, yenye waya mpaka sikioni, ambayo atatutafutia kabla likizo haijaisha. Lakini mashine inakuza sauti tu. Kuelewa ni kazi, na kazi hiyo haifanywi na mashine, inafanywa na watu wanaomtazama mtoto usoni wakisema naye, kila siku, mpaka amechoka na wao wamechoka. Kisha alichukua kitu laini kama unga wa ngano uliokandwa, akamjaza mdogo wangu sikioni ili apate umbo lake kwa ajili ya mashine, na mdogo wangu alicheka mpaka akapata kwikwi.

Tulirudi nyumbani kama watu wanaotoka harusini. Lakini hakuna lililokuwa limeamuliwa. Mwalimu alikuwa bado hataki, mashine ilikuwa haijafika, na cucu alikuwa karibu kuja.

Alifika siku shule zilipofungwa, na gunia la viazi, na sweta nyekundu aliyokuwa amefuma mwenyewe, kubwa kidogo, ili mdogo wangu akue nayo huko. Alimvalisha palepale. Mdogo wangu alizunguka sebule akijionyesha. Cucu alimtazama kwa mapenzi mengi, na mimi nilienda jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna mtu aliyeniambia nikate.

Nilisikia baba akimweleza. Alieleza vizuri, sitaki kumsingizia. Alieleza mpaka ule mstari na Mwea. Lakini mwishoni alisema kwamba hata hivyo, kwa sasa mtoto hana shule, na hiyo mashine hatujui itafika lini, kwa hivyo aende tu na cucu, na mambo yakipatikana atarudishwa.

Mambo yakipatikana. Niliyajua maneno hayo. Niliweka kisu chini, nikaenda nikasimama sebuleni na mikono yangu inanuka vitunguu.

"Huko malishoni ataongea na nani?" nilisema. "Yule mama alisema anataka nyuso. Kondoo hawana midomo ya kuangalia."

"Leo huyu pia anasema?" baba alimuuliza mama.

Cucu ndiye aliyeweka kikombe chake chini. Aliniangalia mimi, si baba.

"Ati hasikii kabisa, akiwa amekupa mgongo?"

"Kule nje, chini kwenye udongo, hasikii, cucu. Mpaka umguse."

"Hata kitu ikivunjika? Hata mtu akipiga kelele mbali?"

"Mbali hapana."

Alizungusha kikombe mezani. Kisha akaanza kusema habari za msitu, na kwanza sikuelewa anaenda wapi. Alisema shamba lake liko mwisho, baada yake ni miti mpaka juu mlimani. Alisema msimu uliopita ndovu walishuka wakala viazi vya jirani na kuvunja ua wa kondoo.

"Unajua sisi tunawajua vipi?" alimuuliza baba. "Hatuwaoni. Ndovu ni mkubwa lakini katikati ya miti humwoni. Unasikia tawi limevunjika. Unakimbia kwanza, ndipo unageuka kuangalia. Huyu mtoto atakimbia saa ngapi?"

Baba alimtazama mdogo wangu na sweta yake mpya.

"Mimi nilikuja kuchukua mtoto wa kunisaidia," cucu alisema. "Sikuja kuchukua mtoto wa kulilia. Wewe nenda kwa huyo mwalimu. Umesomeshwa, umevaa tai, nenda ukaongee."

Halafu akaniambia nirudi kwenye vitunguu kabla havijaharibika, na mama akageukia dirisha ili asionekane anacheka.

Baba alienda nyumbani kwa mwalimu Jumapili baada ya kanisa, akamchukua mdogo wangu na ile karatasi ya mstari. Alirudi akiwa amelegea mabega kwa namna nzuri. Alisema mwalimu aliuliza maswali mengi, akasema katika kazi yake yote alijua kuna viziwi na kuna wanaosikia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mtu wa katikati. Alikubali muhula mmoja wa kujaribu. Benchi la mbele. Na mashine iwepo.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotukalisha roho juu. Agosti nzima kila gari dogo lililosimama karibu na nyumba yetu nilitoka nje. Cucu alikuwa amerudi Endarasha na gunia tupu, na sweta ilibaki kwetu. Zikiwa zimebaki siku kumi shule zifunguliwe, mpimaji alikuja mwenyewe, matope ya Mwea yakiwa yamekauka kwenye magurudumu, na mashine ndani ya kiboksi. Ilikuwa kubwa kama pakiti ya sigara. Mama alishona mfuko wa kuivaa kifuani, wenye mikanda ya kuvuka mgongoni.

Nilikuwa nimeota kwamba ikiwashwa atatabasamu. Alipiga yowe akaing'oa. Alikimbilia chini ya meza. Baba alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza. Mpimaji alisema hivyo ndivyo, hata wewe ukitolewa gizani ukamulikwa tochi machoni utapiga yowe, tumwache na turudie kidogo kidogo. Kesho yake alivumilia. Kesho kutwa alikuja mwenyewe akageuza mgongo ili nimfunge mikanda.

Halafu akaanza kuwinda. Sijui niite nini kingine. Alizunguka nyumba akitafuta kitu gani kinalia. Aligundua ufagio. Aligundua mafuta yakikaangwa, akasimama karibu na jiko akimshika mama gauni, akisikiliza kitunguu kama watu wanavyosikiliza habari za redio. Mpimaji alikuwa amenifundisha mazoezi, kwa hivyo kila asubuhi tulikaa dirishani na ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo yetu. Nikisema "pesa", karatasi inaruka. Akisema yeye, hairuki. Nasema tena. Niliongea likizo ile kuliko miaka yangu yote ikiwekwa pamoja, na siku moja karatasi yake iliruka, kidogo tu, na kukatoka ile 's', sauti nyembamba, chafu, nzuri sana, kati ya meno yake mawili ya mbele ambayo yalikuwa bado yanaota. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka chini ya nyumba.

Siku shule zilipofunguliwa mama na mimi tulimsindikiza. Mimi nilipaswa kuwa shuleni kwangu, na kengele yangu ilikuwa karibu, lakini nilisema nitabaki dakika moja tu. Tulisimama nje karibu na dirisha. Alikaa benchi la mbele, sweta nyekundu, mikanda juu yake, waya sikioni, na wenzake walikuwa wanamkodolea macho kama ameingia na mbuzi. Mwalimu aliwaambia jambo fupi kuhusu ile mashine, akiwa amesimama mahali ambapo mdogo wangu aliona uso wake. Niliona kwamba alikumbuka.

Kisha akaanza kuita majina. Hapo alisahau, ni mazoea, aliinamisha kichwa na kuita akitembea kati ya madawati. Mama alinishika mkono. Mwalimu alikuwa amefika nyuma kabisa. Aliita jina la kwanza.

"Niko," alisema mdogo wangu.

Halikuwa jina lake. Lilikuwa la mvulana mmoja wa pembeni, ambaye alishangaa akaacha mdomo wazi. Mwalimu akaita jina la pili.

"Niko," alisema mdogo wangu, kwa nguvu zaidi, bila kugeuka, akiangalia ubao, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama siku ile ya vifuniko.

Akaitikia la tatu. Akaitikia la nne. Kila sauti iliyotoka nyuma yake aliipokea. Darasa lilianza kucheka, na kile kicheko nacho alikigeukia kuangalia kinatoka wapi. Mwalimu alikuja mbele, akacheka naye, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, akamwambia jina lake polepole, akamgusa kifuani juu ya kile kiboksi. Wewe ni huyu. Hao wengine waache waitike wenyewe. Halafu akarudi nyuma ya chumba, akageuka, na kuanza tena majina kutoka mwanzo.

Sikungoja mpaka afike kwenye jina la mdogo wangu. Kengele yangu ilikuwa imelia zamani, nikaanza kukimbia. Nilichelewa, nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara mpaka saa nne, na mwalimu wa zamu aliponiuliza kisa cha kuchelewa nilimweleza chote, kuanzia sakafu, bila kusimama, mpaka akaniomba nifyeke huku nikisimulia.